Yatima Katika Orodha ya Marejeo

Ofisini walimwita Mama Mkato, na hakuna aliyekumbuka nani aliyeanza. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na kazi yake katika jarida la chuo ilikuwa ile ambayo watu huiona siku inapoharibika tu: kupanga marejeo. Mwandishi akishajimwaga kurasa kwa kurasa, wahakiki wakishamsifu na kumchana, makala ilishuka kwenye meza ya mama huyu ili aangalie kama kila kitabu kilichotajwa kimo kwenye orodha, kama jina la ukoo limetangulia, kama mwaka uko ndani ya mabano na jina la kitabu limeandikwa kwa mlazo. Mkato huu ondoa, nukta ile weka. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Usidhani aliipenda, wala usidhani aliichukia. Zamani alikuwa akichekeshwa sana na vituko vya waandishi. Kuna profesa mmoja aliyewahi kuandika kwenye orodha yake, "mwaka nimeusahau, ila jalada lilikuwa la kijani." Mwingine alijitaja mwenyewe mara nyingi hivi kwamba ungedhani taaluma nzima ameizaa yeye. Mama Mkato na mwenzake wa meza ya pili, mama mnene mcheshi waliyembandika jina la Bi Herufi, walikuwa wakicheka hadi Mhariri anagonga ukuta kutoka chumba cha pili. Siku hizi Mama Mkato alicheka kwa kuwa Bi Herufi amecheka. Kitu fulani ndani yake kilikuwa kimepoa, hakujua tangu lini, na hakuwa na haja ya kujua. Alikula aliposikia njaa, akalala aliposikia usingizi. Dada yake akimpigia simu kumjulia hali, alijibu "nipo," na kweli alikuwepo, hakuna zaidi.

Ofisi yao ilikuwa nyuma ya maktaba, chumba cha chini chenye dirisha linalotazama tangi la maji. Meza mbili, feni inayozunguka kwa malalamiko, kabati la matoleo ya zamani ambalo mlango wake ulifungwa kwa karatasi iliyokunjwa. Hapo ndipo zilipolindwa taratibu za Mhariri, mzee mwembamba asiyejua kulegeza kamba. Utaratibu wa kwanza ulikuwa kuficha majina. Makala iliingia kwa namba, ikasomwa kwa namba, na jina la mwandishi lilibaki kwenye droo ya Mhariri mpaka siku ya kwenda kwa mchapaji. Na mwandishi naye hakuambiwa nani ameshika kazi yake. Kila barua ilisainiwa "Ofisi ya Jarida" tu. Makala ya ndugu au mume wa mmoja wao ilipelekwa meza ya pili, kimyakimya, bila mwenye meza ya kwanza kujua.

Utaratibu mwingine ulihusu watoro na mayatima. Mtoro ni chanzo kilichotajwa ndani ya makala lakini kwenye orodha hakionekani. Huyo alitafutwa mpaka apatikane. Yatima ni kinyume chake: yumo kwenye orodha, ila ndani ya makala hakuna mahali anapotajwa hata kwa kupitia. Yatima hafutwi hivihivi. Mwandishi huandikiwa aonyeshe mahali panapostahili, au atamke mwenyewe kwamba afutwe. Akishatamka, imetoka hiyo, haulizwi tena.

Wiki hiyo Bi Herufi alikuwa likizo akimuuguza mama yake. Toleo lilitakiwa kwa mchapaji alasiri ya siku ile, na asubuhi Mhariri akaingia na makala ya mwisho mkononi, ameishika kwa vidole viwili kama kitu chenye moto.

"Mama, hii ilikuwa ya Bi Herufi. Utaniokoa?"

"Iweke hapo."

"Ni marejeo tu. Mengine yote yameshapita."

"Si nimesema iweke hapo, Mhariri."

Mhariri akaiweka. Akasimama kidogo, akajikuna kisogo, akafungua kinywa. Simu yake ikaita chumba cha pili, akaenda zake, na kilichokuwa kinywani akaenda nacho.

Mama Mkato akavaa miwani. Orodha ilikuwa shaghalabaghala, ya mtu ambaye hajazoea kuipanga mwenyewe: mara mwaka mwishoni, mara jina la kwanza limetangulia la ukoo, mara mji wa uchapishaji hauonekani. Akaanza juu, akashuka taratibu kwa kufuata alfabeti, akinyoosha na kufuta. Akili yake ilikuwa mbali, au tuseme haikuwa popote. Akafika katikati ya ukurasa wa pili, akakutana na jina lake.

Lilikuwa lake, halina mbia. Jina la baba yake mbele, herufi ya kwanza ya jina lake nyuma, mwaka wa miaka mingi iliyopita, kisha: *Kuelekezana Njia Katika Mitaa Isiyo na Majina*. Tasnifu ya uzamili, haijachapishwa.

Ilibidi avue miwani aivae upya.

Kabla hujamwona kichaa kwa furaha aliyoipata, ujue ilitoka wapi. Enzi za ujana wake alikuwa mwanafunzi aliyetembea sana. Alifuatana na tarishi wa posta, na muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani, na fundi bomba mmoja mwenye maneno mengi, katika mitaa ambayo barabara hazikuwa na majina wala nyumba namba. Aliandika jinsi watu wanavyoelekezana: nenda mpaka kwenye ukuta ulioanguka, uliza kwa mshonaji, usifike kwenye mbwa mweupe. Akagundua kwamba anayeelekeza huanza na pale anapopajua yeye, hajali mgeni amesimama wapi, na kwamba mtaa mmoja una ramani nyingi kadiri ya watu wanaokaa humo. Aliandika hayo yote, akafaulu, akavaa joho siku moja. Kisha mumewe akapata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu, na mtoto alikuwa tumboni. Wakapatana kwamba mume amalize kwanza, halafu zamu ya mke. Mume akamaliza. Zamu ilikuwa inakuja mwaka huu, ikawa mwaka ujao, ikaacha kutajwa. Hakuna aliyegombana. Ndoa yao ilikuwa tulivu, majirani waliipigia mfano.

Basi fikiria sasa, mtu huyu aliyewapangia wengine majina yao maisha yake yote ya kazi, anaona la kwake limepangwa na mtu asiyemjua. Kuna mtu ameingia maktaba, akapanda ngazi hadi pale zinapowekwa tasnifu, akapuliza vumbi, akasoma! Moyo wake ulimruka hadi akaweka kiganja kifuani. Jina lake lingechapishwa. Lingekaa kwenye jarida, katika herufi zilezile anazozipigania kila siku, na yeyote atakayetaka kujua juu ya mitaa ile angelijua. Alitamani kumpigia dada yake, akajizuia; kwanza amalize kazi.

Akarudi ndani ya makala kutafuta alipotajwa. Akafungua nakala ya makala kwenye kompyuta, akaiamuru itafute jina. Kompyuta ikajibu hakuna. Akajaribu mwaka, hakuna. Akajaribu neno moja la kichwa cha tasnifu, hakuna. Alikuwa yatima.

Kwa kawaida hakuwa akisoma makala. Mtu wa marejeo akisoma kila makala atazeeka kabla ya wakati. Hii akaisoma. Ukurasa wa nne akamkuta fundi bomba wake, sasa anaitwa "mtoa taarifa mmoja." Akamkuta tarishi. Akamkuta mbwa mweupe. Ukurasa wa saba akaikuta sentensi yake mwenyewe, imevalishwa koti jipya, lakini mwendo ni uleule: "Mwelekezaji huanza na anapopajua yeye, na si pale aliposimama mgeni."

Na baada ya kila nukta palikuwa na nafasi mbili badala ya moja.

Hapo akajua. Mtu mmoja tu aliendelea kubonyeza nafasi mbili baada ya nukta, kama alivyofundishwa kwenye taipureta, na mtu huyo alikuwa amekunywa naye chai asubuhi ile. Miaka yote mumewe alimletea marejeo yake mezani nyumbani, ayapange baada ya kuosha vyombo. Safari hii alisema, "Acha mke wangu, nisikusumbue, nitapanga mwenyewe." Yeye aliona ni huruma. Hata alimshukuru.

Yaliyotokea aliyasoma wazi kama mafundi wa kazi yake wanavyosoma. Mtu haweki kwenye orodha kitu ambacho hajakitumia. Mwanzo mumewe alimtaja, tena vizuri tu, mahali pake. Kisha akapita ndani ya makala akimtoa, mabano kwa mabano. Ila hakujua kwamba ukimtoa mtu ndani lazima ukamtoe na kwenye orodha, kwa sababu orodha haikuwahi kuwa kazi yake.

Furaha ikazimika, na pale ilipokuwa hapakuingia hasira. Alijipapasa moyoni kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, hakupata kitu. Aliketi akisikiliza feni. Angeweza kumwambia Mhariri, na makala ingerudishwa, na mumewe angeaibika mbele ya wenzake wote. Angeweza pia kurudisha mabano mwenyewe, ukurasa wa nne na wa saba, nani angegundua? Mumewe hakuwahi kusoma rasimu za mwisho katika maisha yake. Lakini hakuyataka hayo. Alitaka kitu kimoja tu, na alishangaa kuona bado anakitaka: mumewe aseme mwenyewe, bila kushikwa shati, kwamba kazi ile ni ya mkewe.

Akaandika barua pepe kwa maneno ya kila siku. "Ndugu Mwandishi, chanzo kifuatacho kimo kwenye orodha yako lakini hakijatajwa ndani ya makala. Tafadhali onyesha kitajwe wapi, au uthibitishe kwamba kifutwe." Kisha akaongeza kitu ambacho Ofisi ya Jarida haikuwahi kumwandikia mtu: "Tumeona kwamba baadhi ya maelezo ya ukurasa wa nne na wa saba yanaelekea kutoka kwenye chanzo hiki. Je, kitajwe hapo?" Mlango alikuwa amemfungulia, tena ameushikilia. Akamtumia Mhariri, Mhariri akaipitisha kwa mwandishi wa namba ile, kama utaratibu ulivyo.

Kusubiri kukamtesa. Alinyanyuka akamimina chai, akaiacha. Alihesabu nukta za makala nyingine iliyokwisha kumalizika. Kila kompyuta ilipolia alishtuka, yeye ambaye watu walisema hata radi haimtikisi. Aliona haya kwa umri wake kudundwa na moyo namna ile kwa sababu ya mume wa miaka yote hiyo.

Jibu likaja kabla ya chakula cha mchana.

"Ndugu Ofisi ya Jarida. Ahsanteni sana kwa umakini wenu. Chanzo hicho kifutwe. Ni kazi ya mwanafunzi, haijachapishwa, na iliingia kwenye orodha kwa bahati mbaya. Maelezo mliyoyataja yanatokana na utafiti wangu mwenyewe. Wenu katika taaluma."

Alilisoma mara moja. Halikuwa gumu.

Alasiri Mhariri akachungulia mlangoni. "Mama, mchapaji kashapiga simu. Tuko tayari?"

"Kulikuwa na yatima mmoja. Mwandishi amesema afutwe."

Mhariri akavua kofia yake, akaivaa tena. Utaratibu wake alikuwa ameuvunja mwenyewe, na alijua. "Unajua... hii makala... unajua ni ya nani?"

"Nitajuaje? Majina unayo wewe."

"Kweli. Kweli kabisa." Akashusha pumzi kama aliyesamehewa deni. "Basi malizia, Mama. Mungu akubariki."

Akaushika mstari wenye jina lake kuanzia mwanzo hadi mwisho, akabonyeza. Majina ya chini yakapanda kuziba pengo, na ukurasa ukawa safi, usingejua palikuwa na mtu. Pembeni akaandika, kama wanavyoandika siku zote, "Imefutwa kwa agizo la mwandishi." Akaituma kwa mchapaji. Akafunika kompyuta kwa kitambaa chake, akafunga dirisha, akaenda nyumbani kwa miguu.

Mumewe alikuwa amemtangulia. Alikuwa jikoni, mikono ya shati imekunjwa, anapasha chakula, na alikuwa anapiga mluzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomwia vigumu mkewe kumweleza dada yake hata baadaye. Alimvutia kiti. Alimimina maji, ya mkewe kwanza.

"Mama watoto, kula kwa raha leo. Makala yangu imepita! Sikutaka kukwambia kabla, ila iko kwenye jarida lenu."

"Hongera."

"Nilijua haiwezi kuja kwako, kwa ule utaratibu wenu wa makala za ndugu na waume. Lakini yule Bi Herufi wenu ni kiboko! Leo kaniandikia barua, kaniuliza hadi kurasa. Jasho lilinitoka." Akacheka, akakata mkate. "Mwambie namshukuru."

"Bi Herufi hayupo wiki hii. Anamuuguza mama yake."

Mumewe alitafuna polepole zaidi. Kisha akaacha.

"Sasa nani kaishika?"

"Mimi."

Jirani alikuwa anamwita mwanawe arudi ndani; walisikiliza wote wawili mpaka mtoto akaitika. Mumewe akausogeza mkate mbali na sahani, akaurudisha.

"Kwa nini hukuniambia kuwa ni wewe?"

"Nilikuuliza. Ukanijibu."

"Nampigia Mhariri sasa hivi. Hicho chanzo kirudishwe."

"Imeshakwenda kwa mchapaji."

"Nisikilize basi, mke wangu. Hebu jiweke kwenye nafasi yangu. Wahakiki wangesema nini? Kwamba makala nzima imesimama juu ya tasnifu ya mke wake?"

"Wangesema umetaja chanzo."

Mumewe alitazama mezani, akaangalia mikono yake. Mama Mkato alimwangalia kama anavyoangalia orodha ya mtu mwingine, akisubiri kuona kitu kilichokaa kombo, na moyoni hakusikia chochote. Aliogopa kidogo kwamba huenda hatasikia tena. Ndipo akauliza jambo ambalo hakujua kama atauliza.

"Uliisoma yote?"

"Tasnifu? Yote. Mara mbili. Ulipomaliza tu kuiandika, na tena mwaka jana."

"Ulipomaliza kuisoma ile mara ya kwanza hukuniambia neno. Nilidhani hukuifungua. Baadaye nikadhani umeifungua ukaona haifai. Mimi mwenyewe nikaona haifai." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia. "Ilikuwaje?"

Mumewe alijibu bila kumtazama.

"Ilikuwa nzuri. Nzuri kuliko ya kwangu. Ndiyo maana nikanyamaza."

Hapo ndipo ilipomuuma. Maumivu hayakungoja ruhusa. Machozi yakamtoka akiwa ameshika kijiko, mbele ya mtu ambaye hakuwa amemwona akilia tangu mtoto wao azaliwe. Alikuwa ameingoja sentensi ile tangu alipokuwa msichana. Kama angeipata wakati ule, angekataa kusubiri zamu.

Mumewe akanyoosha mkono juu ya meza. Yeye akauondoa wa kwake, akaendelea kulia, kwa sauti, bila kujifunika uso.